Kuhama mfumo endeshi: usubiri sasisho kubwa au uhame sasa?

Ukitaka kubadili mfumo endeshi, hutakosa wa kukuambia, "Subiri kwanza, toleo jipya linakuja." Tatizo ni kwamba linakuja siku zote. Apple hutoa macOS mpya kila mwaka. Microsoft huleta sasisho kubwa la Windows 11 kila nusu ya pili ya mwaka. Kwa upande wa Linux, mfumo wa bure wenye matoleo ya aina nyingi, Ubuntu hutoka Aprili na Oktoba, na Fedora hukaa takribani miezi sita kati ya toleo na toleo. Ukingoja lijalo, utangoja mpaka kompyuta ikufie.

Jiulize kwanza: mfumo ulio nao bado unapata viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya wadukuzi? Kama unapata, huna haraka, chagua wakati wako. Kama umekatwa, kusubiri kunakugharimu, hata kama kompyuta inaonekana kufanya kazi vizuri. Baada ya hapo ndipo tuzungumze njia, nami nazipanga kuanzia ile ninayoiamini zaidi.

Ya kwanza ni kuhamia toleo lililokwisha kukomaa. Cha kusubiri si sasisho kubwa, ni lile dogo linalofuata baada yake. Toleo likishaingia mikononi mwa watu wengi, ndipo hitilafu zilizowapita wajaribu hujitokeza. Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha sasisho la Windows 10 toleo 1809 siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuta faili zao zimefutwa. Lilirudishwa katikati ya Novemba. Waliochelewa wiki sita hawakukosa chochote cha maana. Watu wa Ubuntu wameufanya uchelewaji huu kuwa utaratibu: mwenye toleo la LTS, yaani lile linalohudumiwa kwa miaka mingi, haletewi mwaliko wa kupanda LTS mpya hadi marekebisho ya kwanza yatoke. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024, lakini wenye 22.04 walisubiri 24.04.1, iliyotoka mwishoni mwa Agosti.

Kwa anayetoka Windows na kompyuta yake ni nzima, ningemwelekeza Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu LTS na hutoka baadaye, hivyo sehemu ya kusubiri umeshafanyiwa. Mint 22 ilitoka Julai 2024 na itahudumiwa hadi 2029. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kutoka humo bila kugusa diski, kisha kagua mambo yanayosumbua kweli: waifai, sauti, printa, na kama kompyuta inaamka ukiifunga na kuifungua tena. Kikishindikana kimojawapo, hapo kusubiri kuna maana, kwani toleo jipya huja na kernel mpya (kiini cha mfumo) na draiva zaidi (programu za kuendesha vifaa).

Ila kuna mambo ambayo hayatatatuliwa na sasisho lolote, na hapa ndipo wengi hupoteza miaka. Photoshop haina toleo la Linux, wala Microsoft Office ile ya kusakinisha. Hayo ni maamuzi ya Adobe na Microsoft, si kasoro ya Linux inayongoja kurekebishwa. LibreOffice hufungua faili za Word, lakini hati yenye majedwali na mpangilio mgumu inaweza kuvurugika. Michezo kama Fortnite na Valorant haikubali kwenye Linux, kwa sababu ya mifumo yake ya kuzuia udanganyifu. Kama riziki yako inategemea kimojawapo cha hivi, acha kusubiri Linux ibadilike na usome aya inayofuata.

Nafasi ya pili naipa Windows 11 kwenye kompyuta uliyo nayo, ikikubalika. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wa kompyuta inapowaka), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Usiikatie tamaa mashine mapema: kwenye kompyuta nyingi TPM ipo ila imezimwa ndani ya BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kabla ya kuigusa mipangilio hiyo, hifadhi pembeni ufunguo wa BitLocker, kifungadiski cha Windows, usije ukafungiwa nje ya diski yako mwenyewe. Na namba za matoleo zisikutishe. Toleo la 25H2 (nusu ya pili ya 2025) lililetwa kama kifurushi kidogo juu ya 24H2 la mwaka uliotangulia, kikiwasha vitu ambavyo vingi vilikuwa vimeshawekwa. Aliyesubiri 25H2 kana kwamba ni mfumo mwingine alisubiri bure. Ukipanda kutoka Windows 10 na usiipende, una siku 10 za kurudi nyuma kwa njia ya kawaida.

Ya tatu ni kubaki ulipo kwa viraka vya nyongeza. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na ESU, mpango wa Microsoft wa viraka hivyo kwa watumiaji wa nyumbani, unasogeza viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Unanunua muda tu. Naona inafaa kwa mtu mwenye sababu yenye tarehe, mfano mitihani au hesabu za kufunga mwaka. Asiye na tarehe atajikuta palepale.

Mac naiweka ya nne, kwa anayenunua mashine mpya hata hivyo. Kusubiri macOS ijayo ndipo ununue hakuna faida, maana Mac mpya ya leo itaipokea bila malipo. Kuna jambo wachache huliangalia: Mac haikubali macOS iliyo ya zamani kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Mtu wa studio mwenye programu za muziki zinazochelewa kuungwa mkono ana sababu nzuri ya kununua kabla toleo jipya halijaanza kupakiwa. Na Mac yenye prosesa ya Intel, hata ikiuzwa rahisi, iache: macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa Intel.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google, ni ya tano. Ni bure, hufufua kompyuta kuukuu, lakini haina programu za Android. Kwa anayeishi ndani ya kivinjari tu.

Kurukia toleo siku linapotoka kunashika mkia, kwenye mashine ya kazi. Kwenye mashine ya kuchezea, ruka unavyotaka. Kubaki na mfumo usio na viraka na bado ukaingia benki humo sikupangi kabisa.

Njia yoyote utakayochukua, weka nakala rudufu kwenye diski ya nje, ichomoe, kisha fungua faili kadhaa kutoka humo kwenye kompyuta nyingine kabla hujaanza kusakinisha.