Gambuti la mvua na tope: lipi la kununua, lipi la kuacha dukani

Karibu kila gambuti jipya linazuia maji, la bei ya chini na la bei ya juu. Kumuuliza muuzaji kama linavuja ni kupoteza pumzi. La kutafuta ni mahali litakapopasukia, kwa sababu hapo ndipo litakapoanza kuvuja. Karibu kila mara ni moja ya sehemu tatu: mkunjo wa juu ya vidole, pale soli inapokutana na sehemu ya juu, au nyuma ya kisigino. Ukishika buti mkononi, anza na hizo kabla ya kutazama rangi.

Malighafi ndiyo inayoamua mengi. Magambuti mengi yanayouzwa duniani ni ya PVC. Mashine hudunga plastiki ya moto ndani ya kalibu iliyovalishwa soksi ya kitambaa, na buti hutoka likiwa kitu kimoja. Soli ya rangi tofauti maana yake plastiki ilidungwa mara mbili. Hakuna kiungo cha gundi, kwa hiyo hakuna cha kubanduka, na hilo ni jambo zuri ambalo wanaodharau plastiki husahau. Ubaya wake ni kwamba PVC yenyewe ni ngumu, na hulainishwa kwa kemikali ambazo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Zikipungua, buti hukakamaa na kupasuka kwenye mkunjo wa vidole. Baridi nayo huikaza, na buti lililokuwa laini dukani huweza kuwa gumu kama ndoo asubuhi ya baridi kali. Kwa kumwagilia bustani, kuosha banda au kuvuka uwanja wenye maji, PVC inatosha kabisa. Iliyochanganywa na mpira wa nitrili huhimili mafuta na damu ya wanyama, ndiyo maana machinjioni na kwenye viwanda vya maziwa huonekana sana.

Mpira wa asili ni habari nyingine. Vipande vya mpira hukatwa na kubandikwa kwa mkono juu ya kalibu ya alumini, kisha buti zima huokwa kwa joto na shinikizo ili salfa iunganishe nyuzi za mpira. Njia hiyo ya kuoka mpira kwa salfa ilisajiliwa na Charles Goodyear nchini Marekani mwaka 1844. Mmarekani Hiram Hutchinson akaichukua kwa ajili ya viatu na kufungua kiwanda Ufaransa mwaka 1853, na huo ndio mwanzo wa kampuni ya magambuti ya Aigle. Gambuti refu la kampuni ya Hunter, liitwalo Original, lina vipande 28. Faida ya kazi hiyo yote unaihisi mguuni: mpira hukunjika bila kukataa, hubaki laini kwenye baridi, na hushika jiwe lenye maji kuliko plastiki. Hasara zake ni uzito, bei, na kwamba vipande vingi maana yake viungo vingi. Pitisha kidole kila ukingo wa kipande. Ukingo ulioinuka hata kwa upana wa kucha ndipo maji yatakapoanzia.

Jambo moja huwatisha wanunuzi bure: ungaunga mweupe juu ya buti la mpira. Ni salfa na nta vilivyomo kwenye mpira vikipanda juu, hasa likikaa ghalani. Si ukungu wala si kasoro, na kwa kweli ni dalili kwamba umeshika mpira na si plastiki iliyopakwa rangi ya mpira. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha dawa ya silikoni kidogo. Usipake mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando wala dizeli. Mpira wa asili huvimba na kulegea ukinywa mafuta, ingawa kwa siku mbili za kwanza utang'aa na utadhani umefanya la maana.

Adui wengine wa mpira ni jua na ozoni, gesi iliyomo hewani. Ukiona nyufa nyembamba nyingi zinazokwenda pamoja kwenye sehemu iliyovutika, kama kwenye kifundo cha mguu, mpira umeshaliwa. Hizo hazizibiki. Buti lililoanikwa dirishani mwa duka kwa miezi liache hapo hapo, hata likipunguzwa bei.

Poliurethani, plastiki ya aina nyingine, ndiyo ya watu wanaovaa buti kuanzia alfajiri hadi jioni. Ndani yake kuna viputo vidogo vya hewa, kwa hiyo ni nyepesi na hutunza joto bila bitana nene. Purofort ya Dunlop na mabuti ya Bekina yako kundi hili. Kwa anayesimama saa nane kwenye sakafu ya maji, tofauti ya uzito pekee inatosha kuhalalisha bei. Lakini poliurethani huzeeka hata ikiwa kabatini, maana unyevu na joto huivunja polepole, na siku moja soli inamong'onyoka kama mkate mkavu. Kwa hiyo tazama tarehe ya kutengenezwa. Mara nyingi iko chini ya soli, duara dogo kama saa lenye mshale: mshale huonyesha mwezi, tarakimu za katikati huonyesha mwaka. Buti la poliurethani lililokaa ghalani miaka kadhaa si bahati, hata liwe na nembo gani.

Neoprini, sponji ile ile ya nguo za wapiga mbizi, hutumika kama bitana au kama shingo nzima ya buti. Unene wa milimita 3 hadi 5 ni wa baridi ya kweli. Ukiivaa mahali pa joto, mguu utaloa kwa jasho hata kabla mvua haijanyesha. EVA, plastiki ya povu, ni nyepesi kupita zote na pea moja huweza isifike kilo, lakini hutobolewa na mwiba, huisha soli upesi na huteleza kwenye vigae. Inafaa kutoka mlangoni hadi bandani, basi.

Baada ya malighafi, geuza buti utazame soli. Kwa tope, meno yawe na kina cha milimita 4 au 5 na yaachane vya kutosha kidole kupita katikati yake. Meno yaliyobanana hujaa udongo kwa hatua kumi tu, na kuanzia hapo unatembea juu ya ubao laini. Kwa sakafu ya saruji au vigae ni kinyume: meno mafupi mengi yenye mifereji myembamba ya kusukuma maji pembeni. Hakuna soli inayoshinda kote kuwili, na muuzaji anayedai ipo anauza maneno. Bonyeza soli kwa ukucha. Ikibonyea kidogo na kurudi, itashika jiwe lenye maji lakini itaisha mapema. Ukucha ukiteleza kama juu ya sahani, soli itadumu, wewe utaanguka. Tazama pia ngazi kati ya kisigino na wayo: iwe ya mraba na walau sentimita 1, la sivyo mguu utateleza kwenye ngazi au kwenye koleo unapochimba.

Sasa kipimo, ambapo fedha nyingi hupotea. Gambuti halina kamba. Likikupwaya, hakuna cha kukaza. Pima mguu alasiri, ukiwa umevimba kidogo, na uvae soksi utakazovalia buti. Simama juu ya karatasi, weka alama nyuma ya kisigino na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine si kidole gumba), pima urefu, ongeza milimita 10 hadi 12. Huo ndio urefu wa ndani unaoutaka. Saizi za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6.7, na za Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Magambuti mengi hayana nusu saizi. Ukiangukia katikati, chukua kubwa, weka soli ya ndani ya milimita 3 au 4, ambayo itajaza nafasi na kukausha jasho.

Dukani tembea, usisimame tu. Kisigino kikipanda ndani ya buti chini ya sentimita 1, ni kawaida, kwani buti jipya bado halijajifunza kukunjika. Kikipanda zaidi, jiandae kwa malengelenge, na soksi itavutwa hadi ijikunje chini ya wayo. Kwenye tope hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu tope hunyonya: mguu unatoka, buti linabaki. Kisha simama kwenye mteremko au ngazi ukiangalia chini. Vidole vikigusa mbele, mteremko wa kwanza mrefu utakutoa kucha.

Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka ana tatizo lake. Mguu hukwama kifundoni wakati wa kuingia, na hukwama vibaya zaidi wakati wa kutoka, soksi ikiwa imeloa. Huyo asichukue saizi kubwa kama dawa. Atafute buti lenye kifundo kipana au lenye zipu ya urefu wote kama Chasseur ya Le Chameau, akijua kwamba zipu ni kitu kingine cha kutunza: mchanga huila, na inataka kuoshwa kila mara.

Shavu la mguu lipime kwa futikamba pale lilipo nene zaidi, suruali ikiwa imechomekwa kama utakavyovaa. Mdomo wa buti uzidi hapo kwa sentimita 2 au 3. Ukibana, damu hubanwa. Ukipwaya sana, mvua na mawe madogo huingia, na shingo hupiga ugoko siku nzima. Kaa kwenye kiti ukunje goti: kati ya ukingo wa nyuma na mkunjo wa goti vidole vitatu vipite. Na kwa mvua ya kweli, suruali ya mvua iwe nje ya buti. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mapaja yanashuka moja kwa moja kwenye soksi, kisha buti hulaumiwa kwa kuvuja.

Lawama nyingine isiyo ya haki ni jasho. Kinachozuia maji kuingia huzuia jasho kutoka, na mguu hutoa jasho jingi. Soksi za pamba hulowa na kubaki zimelowa. Za sufu au za mchanganyiko wa nailoni hufanya kazi vizuri zaidi. Chagua buti ambalo soli yake ya ndani hutoka, na uwe na jozi mbili: moja mguuni, nyingine inakauka. Ingiza mkono uguse bitana hadi kwenye vidole. Mshono mnene nyuma ya kisigino au mkunjo wa kitambaa chini ya wayo hautalainika kwa kuvaliwa.

Wa kazi za ujenzi na viwandani wasome alama. Chini ya EN ISO 20345, kiwango cha viatu vya usalama, S4 ni buti la mpira au plastiki lenye kofia ya vidole inayohimili pigo la jouli 200, sawa na kilo 20 zikidondoka kutoka karibu mita moja. S5 huongeza bamba la kuzuia msumari na soli yenye meno. Chini ya EN ISO 20347, kiwango cha viatu vya kazi, utakuta O4 na O5, ambazo hazina kofia ya vidole. Hapa pana kosa la hatari. Watu huamini kwamba mpira ni mpira, basi umeme haupiti. S4 na S5 zimetengenezwa makusudi kupitisha chaji kidogo ili isijikusanye mwilini, na gambuti la kawaida halijapimwa kwa umeme. Palipofurika maji na nyaya zimeanguka, buti hilo si kinga.

Kabla ya kulipa, kunja sehemu ya vidole mara tano kwa nguvu. Mstari mweupe usiofutika ni plastiki inayochoka. Bana shingo kwa mikono miwili, uiachie: irudi kama ilivyokuwa. Washa tochi ndani na ufunike mdomo kwa mkono, kwenye kona ya giza, uone kama mwanga unapenya popote. Simamisha pea mezani. Mabuti yaliyotoka kalibu nzuri husimama wima na kulingana urefu.

Nyumbani, kinachoua magambuti haraka kuliko yote ni kuyavua kwa kukanyaga kisigino cha moja kwa ncha ya jingine. Kiungo cha nyuma huvutwa kila siku hadi kiachie. Kanyaga kile kijino kilichotokeza nyuma ya kisigino kama kipo, au tumia ubao wenye mwanya wa V. Suuza tope, hasa la mbolea na la chumvi. Kausha kwa magazeti yaliyokunjwa ndani, uyabadilishe baada ya saa moja, mbali na moto na jua. Hifadhi yakiwa wima, kwa sababu shingo iliyokunjwa miezi mitatu hupasuka kwenye mkunjo huo.

Tundu kwenye mpira wa asili huzibwa kwa kiraka na gundi ya tairi la baiskeli: paruza kwa msasa, futa vumbi, paka gundi nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kidoleni, kisha bonyeza kwa nguvu. PVC haishiki gundi hiyo. Inataka gundi ya PVC yenyewe. Acha saa 24, jaza maji hadi juu ya kiraka na usimamishe buti juu ya gazeti kavu usiku kucha. Kiraka cha tundu la mwiba kwenye shingo kitakaa miaka. Ufa wa mkunjo wa vidole utafunguka tena ndani ya wiki, hata ukipakwa gundi mara ngapi. Buti hilo libaki la kuoshea gari.