Programu ipi uchukue kama michoro yako inaishia kwenye slaidi

Ukitaka ramani ya kaunti 47 za Kenya ikae kwenye slaidi, kisha uweze kubofya Turkana peke yake na kuibadilisha rangi, picha ya PNG haitakufikisha. Unahitaji mchoro wa vekta, ambao kompyuta inauhifadhi kama mistari na maumbo, na unahitaji njia ya kuuingiza kwenye PowerPoint bila kuugeuza picha njiani. Walimu, maafisa wa miradi na wanafunzi wanaojiandaa kutetea tasnifu huuliza wanunue programu gani ya kuchorea. Kabla ya kujibu, mimi huuliza PowerPoint yao ni ya mwaka gani.

Hapo ndipo pesa iende kwanza. PowerPoint ya Microsoft 365, na zile za kununua mara moja kuanzia 2019, zinapokea faili la SVG, aina ya faili ya michoro ya vekta, moja kwa moja. Unaliingiza kama picha yoyote, unafungua kichupo cha Graphics Format, unabofya Convert to Shape, na mchoro unakuwa maumbo ya PowerPoint yenyewe. Kila kaunti inashikika, inapakwa rangi, inahamishwa, hata mipaka yake unaweza kuirekebisha kwa Edit Points. PowerPoint 2013 na zilizotangulia hazina uwezo huo. Humo unapitia EMF, aina ya faili ya zamani ya Windows: unaliingiza, unabonyeza Ctrl+Shift+G, unakubali ligeuzwe, kisha unabonyeza tena. Kwa mistari na rangi tupu linafaa. Lakini rangi zinazobadilika polepole huvunjika vipandevipande, na rangi zinazoonyesha kilicho nyuma yake huziba. EPS, aina nyingine ya zamani ya faili ya vekta, usihangaike nayo, Microsoft ilizima uingizaji wake kwenye Office mwaka 2017 kwa sababu za usalama. Kwa hiyo mwenye Office ya 2013 na bajeti ndogo apandishe Office kwanza, ya kuchorea achukue ya bure.

1. Inkscape

Hii naiweka juu bila kusita. Ni ya bure, ipo tangu 2003, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na SVG ndiyo lugha yake ya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna tafsiri inayofanyika unapohifadhi. Pia inafungua PDF. Ukikuta grafu nzuri ndani ya ripoti, unaifungua kurasa kwa kurasa, unaachanisha vipande, unafuta usivyovitaka na kubaki na grafu iliyo hai.

Kabla ya kuhifadhi, bonyeza Shift+Ctrl+R ili ukurasa ubane mchoro, kisha chagua Plain SVG. Ukungu, vivuli, mapambo ya kujirudia na sehemu zilizofichwa kwa kukatwa viondoe mapema, maana PowerPoint ikishaugeuza mchoro kuwa maumbo huvipoteza au huvivuruga. Kwenye maandishi amua mapema. Jina la taasisi lililoandikwa kwa fonti ya pekee ligeuze kuwa mchoro kwa Shift+Ctrl+C, litabaki lilivyo kwenye kompyuta yoyote ila hutaweza kulihariri kama maandishi. Majina ya kaunti yaache yawe maandishi, kwa fonti ambayo kompyuta ya ukumbini nayo inayo. Aya ndefu iandike ndani ya PowerPoint kwenyewe, kwa sababu ikitoka Inkscape kila mstari unaweza kufika kama kisanduku chake.

Udhaifu wake ni uzito. Ramani yenye mipaka ya kina ina nukta nyingi mno kwenye mistari yake, na kompyuta ya RAM ndogo itakwama. Wengi hukimbilia Ctrl+L kurahisisha mistari, lakini kila kaunti ikirahisishwa kivyake, mpaka wa Kitui hauoani tena na wa Machakos na unaona nyufa nyeupe katikati. Pitisha ramani kwanza kwenye mapshaper, ni ya bure na inafunguka ndani ya kivinjari. Inarahisisha mpaka wa pamoja kwa wote wawili kwa mara moja na inakutolea SVG.

2. LibreOffice, yaani Draw pamoja na Impress

Kwa asiye na Office kabisa, hii ndiyo namba moja yake. Draw ni ya kuchorea, Impress ni ya slaidi, nazo ni ndugu wa tumbo moja: unanakili mchoro Draw, unaubandika Impress, na unabaki maumbo kama ulivyokuwa. SVG iliyotoka kwingine unaiingiza kisha unachagua Break kwenye menyu ya Shape. Nimeishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu moja tu: ukihifadhi kama PPTX, yaani faili la PowerPoint, na kufungulia PowerPoint ya mtu mwingine, fonti na nafasi kati ya mistari huweza kuhama. Ukiwasilisha kwa kompyuta yako mwenyewe, hilo halikuhusu.

3. draw.io

Ni kwa ajili ya michoro ya mtiririko wa kazi, mitandao na muundo wa ofisi. Ramani au nembo usiichoree huku. Ni ya bure kwenye kivinjari, na ina toleo la kompyuta lisilohitaji bando. Mtego wake uko kwenye SVG: ukiiingiza PowerPoint, maandishi huweza kupotea na kuachwa ujumbe “Text is not SVG - cannot display”. Kabla ya kuitoa, chagua vyote, nenda kichupo cha Text, ondoa tiki kwenye Word Wrap na Formatted Text. Baada ya hapo maneno yanafika salama.

4. Affinity

Ni programu ya kuchorea vekta, na ilikuwa ya kulipia mara moja. Canva iliinunua kampuni yake mwaka 2024, na mwishoni mwa 2025 ikawa ya bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Kuchora humo ni raha kuliko Inkscape, nakubali. Ila athari za kivuli na mng'ao hutolewa kama picha iliyofichwa ndani ya SVG, na kipande hicho hakigeuki umbo hata ufanyeje. Toleo la Linux haina.

5. CorelDRAW, kisha Illustrator

Usizinunue kwa ajili ya slaidi. CorelDRAW ina maana kwa anayepeleka kazi kwa wachapaji wa Kariakoo au River Road, na ukimlipa mbunifu anayeitumia, mwambie akupe SVG pamoja na CDR, faili la CorelDRAW lenyewe, asikupe JPEG pekee. Illustrator inalipiwa kila mwezi au mwaka, na mengi ya unayoyalipia huishia mlangoni mwa PowerPoint.

Programu yoyote utakayochagua, geuza mchoro kuwa maumbo kabla ya kupeleka faili kwingine. PPTX hubeba SVG pamoja na nakala yake ya PNG, na PowerPoint ya zamani itaonyesha hiyo PNG, mchoro utauona lakini hutaugusa. Weka pia slaidi moja iliyofichwa yenye SVG ambayo haijageuzwa, kwa sababu ukishafunga faili hakuna kurudi nyuma. Wanaotumia Google Slides wapite njia hiyohiyo: haipokei SVG, lakini PPTX yenye maumbo yaliyokwisha kugeuzwa inaifungua, na rangi unabadilisha.