Jabra Evolve 20 iliyotumika, kwenye laptopu ya Linux hapa Kisumu

Nianze na hukumu, asiye na muda aende zake: kama kazi yako ni ya kuzungumza, na kompyuta yako inatumia Linux (mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows), nunua hedseti ya waya yenye plagi ya USB. Yangu ni Jabra Evolve 20 ya masikio mawili. Niliipata ikiwa imetumika, kwa shilingi 2,800, na sina mpango wa kuibadilisha.

Mimi hufundisha Kiswahili kwa video. Wanafunzi wako Ujerumani na Marekani, mimi niko mtaa wa Migosi, na kati yetu kuna laptopu ya mtumba yenye Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Sauti yangu ndiyo ninayouza. Mwanafunzi asiposikia kama nimesema "dhana" au "zana", pesa yake imeenda bure.

Wauzaji wa Oginga Odinga Street watakuuliza kwanza unataka ya kampuni gani. Wewe uliza kwanza sauti inaingia kwenye kompyuta kwa njia gani. Hedseti ya USB hubeba kadi yake ndogo ya sauti, mara nyingi ndani ya kile kidude cha vitufe kilicho katikati ya waya. Karibu zote hufuata kanuni moja ya sauti za USB, na dreva ya kanuni hiyo (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa), snd-usb-audio, imo tayari ndani ya Linux. Unachomeka, unafungua mipangilio ya sauti, unalikuta jina lake kwenye orodha ya kusikiliza na ya kurekodi. Basi. Hakuna cha kupakua.

Za tundu la milimita 3.5 zina mambo mengi. Plagi yenye mistari mitatu myeusi ina maiki; yenye miwili ni ya kusikiliza tu. Laptopu za siku hizi zina tundu moja la kazi zote mbili, lakini kompyuta nyingi za mezani zina mawili, la kijani la kusikiliza na la waridi la maiki, kwa hiyo utatafuta adapta ya kugawanya. Na ukishapatia yote hayo, bado unategemea kadi ya sauti ya kompyuta yenyewe. Kwenye mashine yangu, maiki ya tundu hilo hunguruma chaja ikiwa ukutani, na stima ikipotea inanyamaza kabisa. Nadhani mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyewahi kufurahia stima ikipotea. Kwa USB ngurumo hiyo imeisha, maana sauti hugeuzwa kuwa tarakimu ndani ya hedseti, kabla haijafika kwenye kompyuta.

Sasa Bluetooth, ambayo ndiyo kila kijana anaitaka. Mpwa wangu ana za gharama, na kwa muziki ni tamu kweli. Lakini akiingia kwenye mkutano anasikika kama mtu anayepiga simu kutoka ndani ya pipa. Hedseti si mbovu. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili. Ya muziki, A2DP, ina sauti nzuri lakini haibebi maiki. Maiki ikihitajika, kifaa huhamia njia ya simu, HFP. Hapo sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kama pande zote mbili zinaelewa mSBC, namna bora zaidi ya kufungasha sauti ya simu. Ikipimwa mara 8,000, mlio wowote unaozidi hezi 4,000 hukatwa, na huko juu ndiko ziliko "s", "z" na "th". Kwa mwalimu wa lugha huo ni msiba. PipeWire, mfumo wa sauti ambao Fedora, aina nyingine ya Linux, iliuchukua mwaka 2021 na Linux Mint katika toleo la 22, umerahisisha mambo: njia hubadilika yenyewe programu inapoomba maiki, na mSBC ipo. Hata hivyo huwezi kupata sauti ambayo njia yenyewe haiibebi. Hata Windows ina tatizo hilo hilo, kwa hiyo msiilaumu Linux.

Ukichukia waya kabisa, tafuta hedseti isiyo na waya inayokuja na kidongo chake cha USB (dongle), kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Kompyuta hukiona kama kadi ya sauti ya kawaida, na mambo ya redio, kidongo na hedseti vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe. Za wacheza gemu ziko hivyo. Taa zake na kipimo cha chaji kwa kawaida hutaka programu ya Windows, ingawa kuna programu huria iitwayo HeadsetControl inayosoma baadhi yake.

Nirudi kwa yangu. Kilichonivutia ni sponji. Evolve 20 ya kawaida ina sponji masikioni badala ya ngozi bandia, na mtu wa Kisumu anajua maana yake saa nane mchana mwezi wa pili. Ngozi bandia, iwe ya kampuni yoyote, hukufanya utoke jasho mpaka shingoni. Sponji inapitisha hewa. Gharama yake ni kwamba inapitisha kelele pia: boda boda wakipita nawasikia wote. Mimi naona heri kelele kuliko jasho.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hulichanganya, wengine kwa makusudi. Ukisoma kwenye boksi kwamba hedseti "inaondoa kelele", uliza ni kelele za nani. Ile teknolojia ya ANC hukuondolea wewe kelele masikioni; anayekusikiliza upande wa pili haimsaidii kitu. Kinachomsaidia yeye ni maiki, na maiki nzuri ni ile yenye mkono unaoifikisha karibu na mdomo, kando kidogo ili pumzi isiipige. Evolve 20 inao mkono huo. Mvua ya jioni ikitwanga mabati, wanafunzi huniambia wanaisikia kwa mbali tu. Ikizidi, nawasha programu ya EasyEffects, ambayo ina kichujio cha kelele cha RNNoise, na somo linaendelea.

Kununua ni kazi ya mikono yako. Beba laptopu yako dukani, usikubali hedseti ijaribiwe kwa kompyuta ya duka. Kijana aliyeniuzia aliniambia, "Madam, hii ni orijino, chukua tu." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, tuiulize yenyewe." Nikachomeka, nikaandika lsusb, amri ya Linux inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa. Kila kampuni ina namba yake kwenye USB: ya Jabra huanza na 0b0e, ya Logitech 046d. Boksi likisema hivi na namba ikisema vingine, rudisha mezani. (Anayeghushi sana anaweza kunakili hata namba, lakini wengi hawajisumbui.) Kisha nikarekodi nikihesabu mpaka ishirini, huku nikiukunja waya pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye sikio, kwa sababu hedseti iliyotumika hufia hapo. Nikasikiliza: hakuna mahali ilipokatika. Nikabonyeza kitufe cha kuzima maiki nikarekodi tena, nikapata kimya. Kijana alikuwa ameshachoka na mimi, lakini alipunguza mia mbili.

Vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti hufanya kazi bila kuguswa, kompyuta inaviona kama vya kibodi. Cha kupokea simu usikitegemee ndani ya kivinjari. Jabra Direct, programu ya kampuni ya kurekebisha vifaa vyake, ni ya Windows na Mac. Kwa kazi hii sijaihitaji. Na usihangaike kuchagua kati ya toleo la MS na UC. Ile MS ilitengenezewa programu za simu za Microsoft, UC ni ya programu za simu kwa jumla, na kwa mtu wa Linux chukua iliyo ya bei nafuu.

Muziki? Inatosha kusikiliza taarifa ya habari. Besi hamna, usiinunue kwa benga.

Asiyetaka kitu kilichovaliwa na mtu mwingine, Logitech H390 mpya inauzwa madukani, ni ya USB, ina maiki ya mkono na vitufe kwenye waya, na Linux huitambua vilevile. Ina ngozi bandia, kwa hiyo kaa karibu na feni. Ya Evolve 20 nilinunua sponji mpya nilipofika nyumbani, zile za zamani nikatupa. Hilo msibishane nalo. Evolve 20 iko pia ya sikio moja, na kama una mtoto mdogo nyumbani au unasubiri mtu wa maji agonge mlango, hiyo ndiyo ningekushauri.