Usiku wa darubini Coco Beach, Dar es Salaam: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoniuliza: shilingi 10,000 mtu mzima, watoto bure. Kikundi kilichoandaa sikitaji jina, kwa sababu yapo ya kukisema.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2025, mwezi ukiwa nusu, na kwa hilo nawapa maksi zote. Wengi tunadhani mwezi mpevu ndio wa kutazama, kumbe ukiwa mpevu unaumiza jicho tu na hauna vivuli. Ukiwa nusu, pale mwanga unapokutana na giza, kila shimo linaonyesha kina chake. Niliona moja ambalo ukingo wake umewaka jua na ndani ni giza totoro. Kijana nyuma yangu akauliza bendera ya Wamarekani iko wapi. Haionekani, ndugu yangu. Kutoka kilomita 384,000 hivi, hakuna darubini ya hapa duniani yenye uwezo huo.

Kwa Zohali, ile sayari yenye pete (Saturn), ndipo maneno yalipoanza. Tangazo lao lilikuwa na picha ya pete pana zinazong'aa, lakini mwaka 2025 pete hizo zimetugeukia ubavu, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi. Tulichoona ni kitone cha manjano kilichopitiwa na mstari mwembamba, kama nyama moja kwenye mshikaki. Mama mmoja akamwambia mhusika, "Kaka, hii si umebandika?" Mimi nilifurahi hasa kwa kuwa ni nadra, ila wangesema mapema kwenye tangazo.

Sayari yenyewe ilikuwa karibu utosini, basi bomba likaelekezwa juu kabisa, na kwa darubini za vioo za aina ya Dobson, ambazo mtu huchungulia ubavuni karibu na mdomo wa bomba, sehemu ya kuchungulia ikawa juu kupita kimo cha watoto. Wakapandishwa kwenye kreti la soda. Halafu haina mota: dunia inazunguka, Zohali anatoroka, na kila baada ya watu wawili watatu mhusika anasukuma bomba kidogo. "Lete jicho tu mama, usishike!" Anayeshika kwa mkono anaitikisa, na wa nyuma yake anakuta giza.

Foleni ilikuwa ndefu, darubini mbili kwa umati ule ni kuoneana. Mtangazaji alikuwa na spika kubwa na Kiingereza kingi mbele ya familia za Kinondoni, mpaka binti mmoja wa kujitolea alipochukua maikrofoni na kueleza kwa Kiswahili. Hapo ndipo maswali yakaanza kumiminika. Nilichokipenda kuliko vyote hakikuhitaji hata tiketi: mzee aliyekuwa pembeni akiwaonyesha wajukuu zake Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwa kidole, upande wa bahari. Coco ina faida hiyo, mashariki yote ni maji, taa za jiji ziko mgongoni.

Walifungasha vifaa kabla ya saa nne usiku, wakati Mshtarii (sayari ya Jupita) ndiyo kwanza alikuwa karibu kuchomoza. Anayetaka kumwona na miezi yake minne mikubwa aende Januari au Februari 2026, atamkuta juu tangu jioni. Vaeni koti jepesi, upepo wa pale una chumvi na baridi yake, na fikeni saa kumi na mbili na nusu kabla foleni haijafika kwa wauza mihogo.