Kabla hujanunua waipa za masika, tazama spoila imelalia upande gani

Mwezi wa pili nilinunua waipa mbili mpya Gerezani, Dar es Salaam, zile bapa za kisasa zisizo na fremu ya chuma, nikijiandaa kwa safari ya Iringa. Muuzaji alinifungia mwenyewe, akamwaga maji ya chupa kwenye kioo, akaziwasha. Kioo kikang'aa. Nikalipa shilingi 45,000 nikaondoka nimeridhika.

Mvua ilitukuta ndani ya hifadhi ya Mikumi. Pale tulikuwa tunaenda taratibu, hamsini hivi, na waipa zilifuta vizuri. Tulipoupita mji wa Mikumi nikaongeza mwendo hadi tisini, na hapo waipa ya upande wangu ikaanza kuacha ukungu wa maji katikati ya kioo, mstari mpana kama kiganja, usawa wa macho yangu kabisa. Kila lori la Zambia lilipopishana nasi, waipa iliinuka ikatua tena kwa kishindo. Mama mkubwa aliyekaa kiti cha abiria alikuwa anaiona barabara kuliko mimi niliyeshika usukani, ikabidi awe ananitajia mashimo. Nikashuka hadi sitini, na nikabaki hapohapo hadi Ruaha Mbuyuni nimekamata usukani kwa mikono miwili.

Ruaha Mbuyuni kuna kijana alikuwa anaziba pancha. Nilimwomba anisaidie kukaza mkono wa waipa, nikidhani umelegea. Aliuinua, akautazama, akaurudisha, kisha akapitisha kidole kwenye ule mpira wa juu wa waipa. "Dada, hizi ni za usukani wa kushoto." Akanionyesha. Ule mpira wa juu, ambao watu wa spea wanauita spoila, una upande mmoja uliolala kama mteremko na upande mwingine uliosimama kama ukuta. Kwenye gari langu mteremko ulikuwa unatazama juu, kwenye paa, na ukuta ndio uliotazama boneti. Upepo ulikuwa unaingia kwenye ule ukuta kama unavyoingia kwenye tanga la ngalawa.

Nikamuuliza kwa nini tusizigeuze tu. Akajaribu mbele yangu. Haiwezekani, kwa sababu adapta inayoshika ndoano ya mkono imetengenezwa kukaa kwa upande mmoja. Ukiigeuza waipa, ndoano haiingii.

Tangu siku hiyo nimeshika waipa nyingi za watu, dukani na kwenye maegesho. Sitazungumzia urefu hapa. Pima ulizonazo kwa tepu, nunua urefu huohuo, na usiongeze hata inchi moja. Ninachotaka tuzungumze ni upepo, kwa sababu sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akiutaja.

Gari likiwa kwenye mwendo, hewa inapanda kutoka kwenye boneti na kupita juu ya kioo kwa kasi. Waipa imelala katikati ya njia yake. Hewa inapoiruka inakimbia zaidi, na pale juu ya waipa mgandamizo unashuka, huku ile inayopiga ubavuni ikitafuta kupenya chini. Vyote viwili vinaibandua waipa kutoka kwenye kioo, na kinachoishikilia ni springi ya mkono peke yake. Tena nguvu hii haiongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka 45 ukaenda 90, mwendo umekuwa mara mbili lakini nguvu ya upepo imekuwa mara nne. Ndiyo maana lile jaribio la chupa ya maji mlangoni pa duka halithibitishi chochote. Gari limesimama, upepo hakuna, hata waipa mbovu itafuta.

Mary Anderson wa Alabama alipopewa hataza ya kifaa chake cha kufuta kioo mwaka 1903, kilikuwa kinaendeshwa kwa mkono kutoka ndani, na vyombo vya wakati huo havikuwa na mwendo wa kuinua chochote. Upepo ulikuja kuwa tatizo barabara zilipokuwa nzuri na magari yakaanza kukimbia. Spoila ndiyo dawa iliyopatikana. Hewa inagonga mteremko, inaelekezwa juu, na kwa kuelekezwa juu inaisukuma waipa chini kwenye kioo. Kadiri unavyokimbia ndivyo inavyoshikilia zaidi. Lakini mteremko ni lazima utazame kule upepo unakotokea.

Na hapa ndipo usukani unapoingia. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, waipa hulala zikielekea upande mmoja, na kwenye magari ya usukani wa kushoto hulala kinyume chake, kama picha ndani ya kioo. Kwa hiyo waipa yenye spoila ya upande mmoja haiwezi kufaa magari yote mawili. Sisi, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, usukani kulia. Mizigo mingi ya madukani inanunuliwa Dubai na Guangzhou, na kote huko usukani uko kushoto. Wasomaji wa Burundi, Rwanda na Kongo, kwenu barabara ni ya kulia, lakini kama gari lako lilitoka Japani na usukani uko kulia, wewe ni mwenzetu. Fuata usukani, usifuate barabara.

Namna ya kukagua ni hii. Itoe waipa kwenye boksi, ilaze juu ya ile ya zamani kama inavyolala ikiwa imezimwa, huku adapta ikitazama kule ndoano inakotokea. Kisha simama mbele ya bampa, inama kidogo, utazame. Ukiona mteremko unaanza kwako na kupanda kuelekea kioo, ni yenyewe. Ukiona ukuta, irudishe kwenye boksi. Ukiona imefanana pande zote mbili, basi ni spoila ya katikati, inayotengenezwa ili iingie gari lolote. Hiyo haitakudhuru, ila haikandamizi kama ile ya upande mmoja iliyokaa sawasawa.

Sasa nikupe mpangilio wangu, na sitaficha ninachokipenda.

Namba moja ni Denso haibridi, na kwangu hakuna inayoikaribia. Denso ilikuwa sehemu ya Toyota kabla ya kujitenga mwaka 1949, na hadi leo inatengenezea Toyota vifaa, kwa hiyo kwa sisi tunaoendesha Fielder, Premio na IST ni kama kurudi nyumbani. Haibridi maana yake ndani kuna fremu ya chuma yenye kucha zinazogawa mgandamizo, na juu yake gamba la plastiki lililochongwa ili upepo uteleze. Ile fremu ya zamani iliyo wazi inasimama juu, inapigwa na upepo kila upande. Hii imefunikwa yote, halafu inainama kufuata kioo kwa sababu lile gamba lina maungio. Lakini sababu kubwa ya kuiweka juu ni kwamba Denso wanakuandikia kabisa ni ya usukani gani. Namba zinazoishia na R ni za usukani wa kulia. Zinazoishia na L ni za kushoto. DUR-060R, kwa mfano, ni ya milimita 600, usukani wa kulia. Herufi moja inakuondolea mateso niliyoyapata kutoka Mikumi hadi Ruaha. Nimefunga za kwangu tangu mwezi wa tatu, nimepita njia ileile kwenye mvua ileile kwa tisini, na kioo upande wangu kilikuwa kimoja, hakuna ukungu katikati. Mama mkubwa alilala njia nzima.

Namba mbili ni Bosch Aerotwin. Bosch waliitoa mwaka 1999, na ndiyo iliyozoesha watu waipa bapa zisizo na fremu. Ndani yake kuna utepe wa chuma cha springi uliopindwa kiwandani kuliko kioo kilivyopinda, kwa hiyo ukiilaza kwenye kioo inajikandamiza yenyewe urefu wote. Ni fupi kwa kimo, upepo haupati pa kushika. Kama unasafiri sana Dodoma au Tanga, utaipenda. Angalia aina ya mkono kwanza: zipo za mkono wa ndoano kama tulionao kwenye Toyota nyingi, na zipo za mikono ya magari ya Ulaya. Ukipewa ya Ulaya, utaondoka na boksi zuri lisilofunga. Na spoila uikague vilevile, kwa macho yako, pale bampani.

Namba tatu ni kubadilisha mpira peke yake. Wengi hawajui kama hili lipo. Kama gari lako lilikuja na fremu ya Toyota yenyewe na haijalegea, huna haja ya kununua waipa nzima. Unachomoa mpira wa zamani pamoja na vile vyuma viwili vyembamba, unaviingiza kwenye mpira mpya, unaurudisha ndani ya kucha. Wajapani wenyewe hufanya hivyo. Shika fremu uichezeshe: ikigonggonga kwenye maungio, achana nayo, upepo utaichezesha zaidi ya vidole vyako. Kwa anayezunguka mjini tu, hapa ndipo pesa inapookolewa.

Valeo Silencio naiweka namba nne kwa sababu tu hapa mjini inapatikana kwa kubahatisha. Ina kidoa kinachobadilika rangi kukuonyesha mpira umechoka, jambo zuri kwa anayeegesha juani kutwa nzima, maana huku kwetu jua humaliza mpira kabla ya mvua.

Za elfu kumi zinazouzwa kwenye foleni, zikining'inia mkononi mwa kijana, zitakufikisha nyumbani siku ya mvua. Usivuke nazo Chalinze kwenda safari ndefu.

Kabla ya kulaumu waipa yoyote, tenganisha matatizo. Ikifuta vizuri kwa arobaini na kuacha ukungu kwa tisini, huo ni upepo. Ikiacha michirizi kwa mwendo wowote, mpira umekufa au kioo kina mafuta. Ikidundadunda inapopanda na kutulia inaposhuka, mkono umepinda na mpira haukai wima juu ya kioo. Na magari yetu yana miaka kumi na tano, ishirini. Springi iliyo ndani ya mkono imezeeka pamoja na gari, imejaa vumbi na kutu. Inua mkono uachie taratibu: kama unarudi kwa uvivu, mwambie fundi aisafishe springi na kuitia mafuta, au ununue mkono mwingine. Hata Denso yangu haiwezi kusimama mbele ya upepo kwa springi iliyochoka.

Jambo linaloniuma ni bei. Waipa moja, namba moja, boksi moja, niliambiwa 85,000 duka la kwanza, 60,000 la pili. La tatu nilimtuma mdogo wangu wa kiume, akapewa kwa 48,000. Hatua hamsini tu kati ya duka na duka. Mwanamke akiingia na ufunguo wa gari mkononi, bei inapanda kabla hajafungua mdomo, na akiuliza swali la kitaalamu anaambiwa "dada, zote ni sawa tu, zinaingia gari lolote". Si sawa. Neno hilo "zinaingia" ndilo linalotuponza, kwa sababu waipa yangu iliingia vizuri sana. Kuingia siyo kufanya kazi. Anayeuza kitu cha kumwonyesha mtu barabara usiku kwenye mvua anapaswa kujua usukani wa mteja uko wapi, na kama hajui, aulize. Swali lenyewe ni la maneno mawili.

Nililirudia lile duka nikiwa na waipa zangu, boksi na risiti. Nikamwonyesha muuzaji spoila, nikamweleza habari ya Mikumi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema zimeshatumika, hazirudi. Nikamwomba basi anibadilishie kwa za usukani wa kulia, nitaongeza hela. Akaingia ndani, akatoka na boksi nne, tukazifungua pamoja juu ya kaunta. Zote nne zilikuwa za kushoto. Alikuwa anaziuza hivyo mwaka mzima.

Zile za kwangu sikuzitupa. Shemeji yangu anaishi Lubumbashi, ana Corolla ya usukani wa kushoto, tukalinganisha vipimo kwa simu vikakubaliana. Nilimpelekea kwa dereva wa lori. Wiki iliyopita ametuma sauti akiwa barabara ya Likasi, mvua inasikika inapiga paa: shemeji, niko tisini, kioo safi kabisa.