Nyaraka za Django, baada ya miezi mitatu ya kuzisoma

Nimekuwa nikijenga kwa Django, yaani zana za kutengeneza tovuti kwa lugha ya Python, mfumo wa kuhifadhi oda za duka moja la vitambaa katika Mtaa wa Biashara, na nyaraka zake ndizo zilizokuwa mwalimu wangu. Zimegawanywa sehemu nne: mafunzo kwa mwanagenzi, maelezo ya mada, miongozo ya kazi mahususi, na marejeo; anayerukia marejeo kabla ya mafunzo, kama nilivyofanya mimi, hutoka kapa.

Ukurasa unaoeleza QuerySet, yaani njia ya Django ya kutafuta rekodi katika hifadhidata, ni mrefu mno, lakini ndio nilioufungua zaidi. Humo ndimo nilimogundua kwamba get_or_create, amri ya kutafuta rekodi au kuiunda ikiwa haipo, hurudisha vitu viwili, yaani rekodi yenyewe pamoja na jibu la kweli au si kweli kuhusu kama imeundwa papo hapo, ilhali mimi nilikuwa nikipokea kimoja tu na kushangaa, usiku kucha, kwa nini jina la mteja halionekani.

Kabla ya kunakili chochote, hakikisha umechagua toleo unalotumia, kwani niliwahi kupoteza siku mbili kwa kusoma la zamani. Nakala nzima ya nyaraka hupakuliwa bila malipo, na intaneti ilipokatika, niliendelea na kazi.