Fundi wa waifai aliyekuja kwetu Kimara: nyota 4 na nusu

Naandika hii kwa ajili ya yeyote ambaye simu yake inaonyesha waifai imejaa mistari yote afu chini yake pameandikwa imeunganishwa, hakuna intaneti. Mimi nimekaa na hilo tatizo miezi mitatu, nimenunua bando juu ya intaneti ambayo tayari nailipia kila mwezi, na kazi yangu ya hesabu naifanyia nyumbani, kwa hiyo kila ikigoma ni hela yangu inasimama.

Nyumba yetu ni ya tofali za saruji, sebule mbele, vyumba viwili nyuma. Rauta ya kampuni ya intaneti ilifungwa sebuleni nyuma ya TV, huku nyuma ilikuwa haifiki kabisa. Nikaenda Kariakoo nikanunua rauta ya pili, TP-Link Archer C6, ile yenye antena nne kwa nje, kitu kizuri tu na bado naitumia. Fundi wa kwanza (sio huyu ninayemsifia) akavuta waya kutoka sebuleni mpaka chumba cha mama mkwe, akachomeka, akaweka jina lilelile na pasiwedi ileile, ikawaka, tukamlipa akaondoka.

Siku mbili safi. Baada ya hapo ikawa vurugu, leo simu yangu inakubali ya mume wangu inakataa, kesho ya kwake inakubali laptopu yangu ndo haifungui kitu, ukizima rauta na kuwasha inatulia masaa kadhaa inarudia tena. Nikapiga huduma kwa wateja, wakasema laini yenu iko sawa, nikaona wananizungusha. Kumbe walikuwa wanasema ukweli. Yule fundi wa kwanza nilipompigia akaniambia ninunue kifaa kingine cha kuongeza nguvu.

Huyu wa pili nimeelekezwa na jirani. Alipofika hakugusa rauta hata moja, aliuliza kwanza, dada, saa hii ipi inakubali na ipi inakataa? Akachukua simu yangu iliyokuwa inakubali na ya mume wangu iliyokuwa imegoma, akaingia kwenye waifai akafungua maelezo ya mtandao, akaziweka mezani pamoja. Yangu kwenye sehemu ya geti imeandikwa 192.168.1.1, ya mume wangu 192.168.0.1. Akasema, humu ndani kuna wagawaji wawili.

Alivyonielewesha ni hivi. Simu ikiingia kwenye waifai inaomba anwani, yaani namba yake ya kutambulika humo ndani, na rauta ndo inagawa, kazi hiyo inaitwa DHCP, na inapogawa inaiambia simu pia mlango wa kutokea kwenda intaneti uko wapi. Sasa rauta ya nyuma waya wake ulichomekwa kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, na ugawaji wake haukuzimwa, kwa hiyo na yenyewe ilikuwa inagawa, inaziambia simu piteni kwangu wakati yenyewe haina mlango wa kutokea. Simu inachukua jibu lililowahi. Likiwahi la sebuleni unaingia, likiwahi la nyuma unabaki na mistari imejaa na hakuna kitu. Yaani miezi mitatu yote ni hicho tu!

Akaingia kwenye seting za ile Archer akaibadilisha iwe akses pointi, ibaki kurusha waifai tu, kugawa anwani iachie ya sebuleni. Kwenye kila simu akatufanya tusahau mtandao tuingie upya. Laptopu yangu ya Windows akafungua lile dirisha jeusi akaandika ipconfig /release afu ipconfig /renew, ikachukua anwani mpya hapohapo. Simu ya mama mkwe iliingia lakini kurasa zikawa zinakataa kufunguka, akakuta tarehe imerudi nyuma, akarekebisha zikafunguka.

Hapo tatizo lilikuwa limeisha na angeweza kudai hela yake. Ila aliangalia na waifai za majirani kwa programu ya kwenye simu, akakuta wengi wamejazana chaneli ya 6, yaani njia moja hewani, ya sebuleni akaipeleka 1 na ya nyuma 11, maana kwenye masafa ya gigahezi 2.4 hizo tatu ndo haziingiliani. Rauta ya sebuleni akaitoa nyuma ya TV akaiweka juu ya kabati. Na lile jina la pili la waifai lenye 5G mwishoni kumbe sio 5G ya laini za simu, ni gigahezi 5, ina kasi zaidi ila ukuta unaimaliza haraka, na laptopu yangu ya zamani haiioni kwa sababu kadi yake inajua 2.4 peke yake. Mimi nilishaanza kuulizia bei ya laptopu nyingine jamani.

Kilichonipendeza zaidi ni mwisho, alizima rauta zote mbili kama umeme umekatika, akakaa kidogo, akawasha, akasubiri aone kila simu inarudi yenyewe bila kushikwa. Wiki ya tano hii, umeme umeshakatika mara mbili na zote zimerudi.

Alichukua 35,000 pamoja na nauli. Nusu nyota nimeikata kwa sababu alichelewa karibu masaa matatu bila kupiga simu, na yale aliyobadilisha hakuniandikia mpaka nilipomuomba.

Mkimuita, tafuteni kabla hajafika pasiwedi ya kuingilia kwenye seting za rauta ya kampuni, sio ile ya waifai. Sisi tulipoteza nusu saa kuitafuta na ilikuwa kwenye stika chini ya rauta.